KLACHI YA UMEME INAYOUNGUA MARA KWA MARA

Katika miaka ya karibuni mashine za kukatia majani, zile ambazo mtu huketi juu yake akaziendesha kama trekta dogo, zimeanza kuonekana katika baadhi ya mashamba yetu ya tambarare. Nyingi hazikuja mpya. Zimekwisha tumika Ulaya au Marekani, zikapita mikono miwili mitatu, na ndipo zikashuka bandarini kwetu. Hatusemi haya kwa kuwadharau walionunua, maana mashine iliyotumika si lazima iwe mbovu. Lakini malalamiko yaliyotufikia juu ya mashine hizi karibu yote yana neno moja: klachi ya visu imeungua, tumeweka nyingine, na hiyo nyingine nayo imeungua.

Klachi moja ya umeme huuzwa ng'ambo kwa dola za Kimarekani 100 hadi 300, na nyingine hupita hapo, na hiyo ni kabla ya kulipa usafiri na ushuru. Mtu akinunua klachi tatu ndani ya mwaka mmoja amekwisha tupa fedha ambazo zingewalipa wachumaji wake kwa siku nyingi. Kwa hiyo tumeona yafaa tueleze habari ya klachi hii kwa urefu, kwa maneno ambayo mwanachama na fundi wake watayaelewa wote wawili, ili atakayefikwa na jambo hili asikimbilie dukani kabla ya kupima.

Kila mkulima wa karafuu ajua kwa nini majani yanapaswa kukatwa na si kulimwa. Mizizi ya mkarafuu inayotafuta chakula iko karibu na uso wa ardhi, na jembe likipita chini ya mti huikata. Basi majani hufyekwa. Na yapasa yawe yamefyekwa kabla ya kuchuma, wachumaji wapate kusimamisha ngazi zao salama, na vishada vinavyoanguka vionekane vikaokotwa. Masika yakiwa mazuri nyasi hufika kiunoni, na mwenye shamba akichelewa huchuma msituni. Hapo ndipo mashine humsaidia mwenye mahali pa tambarare. Kwenye vilima haifai. Watengenezaji wengi hukataza kuziendesha kwenye mteremko unaozidi nyuzi 15, yaani ardhi inayopanda kiasi cha futi moja kwa kila futi nne, na mwenzetu wa Pemba ambaye shamba lake ni vilima na mabonde panga na mundu bado ndizo zana zake. Asione haya, panga halina klachi.

Tuijue kwanza klachi yenyewe. Katika nyingi za mashine hizi shafti kuu ya injini yaelekea chini, na kwenye ncha yake, chini kabisa ya injini, ndipo klachi ilipofungwa kwa bolti moja kubwa. Ina sehemu tatu za kujua. Ya kwanza ni koili, yaani waya wa shaba uliozungushwa mara nyingi ndani ya duara la chuma. Sehemu hii haizunguki. Huzuiwa na kipande cha chuma kilichoshika kwenye fremu. Ya pili ni sahani ya chuma iliyofungwa kwenye shafti kwa kii, nayo huzunguka wakati wote injini inapokwenda. Ya tatu ni sahani nyingine yenye puli, na puli hiyo ndiyo ivutayo mkanda wa visu. Kati ya sahani hizi mbili pana mwanya mwembamba sana. Ukivuta swichi ya visu, umeme wa betri waingia katika koili, koili yageuka sumaku, na sumaku yaivuta ile sahani ya puli mpaka zigandamane na kuzunguka pamoja. Ukirudisha swichi, sumaku yafa, springi zairudisha sahani mahali pake, nayo yaegemea breki ndogo ambayo husimamisha visu kwa sekunde chache. Visu vikiendelea kuzunguka zaidi ya sekunde 5 baada ya kurudisha swichi, breki hiyo imekwisha choka.

Msomaji ataona kwamba klachi hii haishikwi kwa mguu wala kwa waya wa chuma. Yashikwa na sumaku tu. Sumaku ikiwa dhaifu sahani huteleza, zikiteleza hupata moto, na moto huo huiingia koili iliyo papo hapo. Shaba ikipata moto huzidisha ukinzani wake, yaani ukaidi wake wa kupitisha umeme, na kwa hiyo sumaku huzidi kudhoofika na sahani huzidi kuteleza. Mwishowe rangi inayofunika nyuzi za waya huungua, nyuzi zikagusana, na moshi ukatoka. Mtu akiona moshi watoka kwenye klachi atasema klachi ni mbovu. Huenda klachi haikuwa na kosa lolote.

Tutoe hesabu, maana bila hesabu jambo hili halisadikiki. Koili nyingi za mashine hizi zikipimwa zikiwa baridi huonyesha omu 2 hadi 4 hivi. Tuchukue koili ya omu 3. Kwa volti 12 itapitisha ampea 4. Volti zikishuka mpaka 10, ampea zitakuwa 3.3. Hapo wengi watasema upungufu huo si kitu. Lakini nguvu ya sumaku haishuki sawasawa na ampea. Hushuka kwa mraba wake, hivi kwamba kwa volti 10 hubaki karibu sehemu 7 katika 10 za nguvu ya kwanza. Tena koili hiyo hiyo ikifikia moto wa nyuzi 100 za sentigredi, ukinzani wake utapanda kutoka omu 3 kukaribia 4. Basi volti 10 na koili ya moto zitakupa ampea 2.5 tu, na nguvu iliyobaki haifiki hata nusu. Na nyasi zilizo mbele ya visu hazikupungua.

Sasa tueleze kisa cha mashine moja ya wanachama wenzetu, kwa sababu kina mafunzo mengi kuliko maneno ya vitabu. Wanachama hao walichangishana wakanunua mashine iliyotumika, ili wasafishe mashamba yao yaliyopakana kwa zamu. Baada ya majuma machache klachi ikatoa moshi. Fundi wa kwanza akasema ni uzee, nao wakakubali, maana mashine ilikuwa na miaka yake. Klachi ya pili ikadumu majuma matatu. Muuza vipuri aliyeuliziwa akasema, "Mabwana, hiyo mliyonunua ni ya bandia, chukueni hii ya bei." Wakachukua ya bei, nayo ikadumu mwezi. Karafuu wakati huo zimekwisha anza kukomaa, nyasi zimesimama, vibarua wa kufyeka wamekwisha shikwa na wenye mashamba wengine, na katika kikundi wameanza kunung'unikiana juu ya nani aliyeendesha vibaya.

Fundi wa pili alisema mkanda umekazwa mno, akaulegeza. Mkanda nao ukaanza kuteleza na kunuka mpira, basi ikawa maradhi mawili. Alitazama pia mwanya wa klachi, akaukuta sawa. Alizungusha visu kwa mkono, vikazunguka bila kukwaruza. Yote hayo ni mambo ya kutazamwa na hatumlaumu kwa kuyatazama. Lakini tangu klachi ya kwanza mpaka ya tatu hakuna mtu aliyepima umeme mashine ikiwa kazini.

Na dalili ilikuwepo wazi. Kila asubuhi betri ilikuwa imelala, na walikuwa wakiazima betri ya gari ili kuiwasha injini. Walidhani huo ni ugonjwa mwingine, wa betri, usiohusiana na ule wa klachi.

Tulipofika pale na mita ya volti tuliunga nyaya zake kwenye plagi ya klachi, klachi yenyewe ikiwa imeungwa na visu vinazunguka, na nyaya za mita tukazivuta hadi pembeni, zifungwe mbali na mkanda. Asubuhi, kwa betri iliyochajiwa usiku kucha, tulisoma volti 12.2. Baada ya dakika 45 za kukata zikawa 11.3. Ilipofika saa moja na nusu tulisoma 10.3, na harufu ikaanza, nasi tukaamuru izimwe kabla klachi ya nne haijafuata wenzake. Tulipohamishia mita kwenye vichwa vya betri, tulikuta 10.5. Maana yake ni dhahiri. Nyaya na swichi zilikuwa zikipoteza sehemu ndogo tu. Umeme wenyewe ulikuwa ukikauka kwenye chemchemi yake. Betri ya mashine nzima, injini ikienda kwa mwendo wa kazi, yapasa ionyeshe zaidi ya volti 13, na mara nyingi 13.5 hadi 14.5. Ikibaki 12 na kushuka, injini haichaji ya kutosha, na klachi yaila betri kidogo kidogo.

Tulipofuatilia, ikajulikana kwamba injini ile si ya mashine ile. Ya kwanza ilikufa huko ilikotoka, na mtu akafunga nyingine ya nguvu ile ile iliyotolewa katika mashine ambayo visu vyake hushikwa kwa fimbo ya mkono, isiyo na klachi ya umeme. Kwa kukata nyasi injini hiyo haikuwa na kasoro. Lakini chini ya flaiwili, yaani gurudumu zito la injini, kuna koili za kuzalisha umeme, na koili hizo hazilingani katika kila injini. Zipo za ampea 3 zisizo na regyuleta, ambazo kazi yake ni kurudishia betri kile kilichotumika kuwasha tu. Zipo za ampea 9, 10, 15 au 16 zenye regyuleta, kwa mashine zenye mizigo ya umeme. Hii yetu ilikuwa ya ampea 3. Klachi yataka 4, na vali ya umeme ya mafuta nayo yataka sehemu yake. Kila saa ya kazi matumizi yalizidi mapato, na betri ndogo iliyoteremshwa hivyo kila siku haikukawia kuchakaa kabisa.

Mwenye kufikwa na hali kama hii asikimbilie kununua koili kubwa peke yake. Koili hizo hufanya kazi pamoja na sumaku zilizobandikwa ndani ya flaiwili, na flaiwili ya mfumo mdogo kwa kawaida ina sumaku ndogo. Yapasa apate vitu vitatu vya aina moja, flaiwili, koili na regyuleta, kutoka injini ya jamii ile ile. Wenzetu walivipata katika injini iliyopasuka ikatupwa, kwa fedha pungufu ya zile zilizoteketea katika klachi tatu, wakanunua na betri mpya. Mita ikasoma 13.8 visu vikizunguka, na klachi ile ya nne ndiyo iliyo kazini hadi tunapoandika.

Si kila klachi inayoungua ina kisa hiki, bila shaka. Mara nyingine betri yasoma 13.8 na klachi yasoma 11. Hapo umeme wapotea njiani, na katika visiwa vyetu jambo hili ni la kawaida mno kwa sababu ya hewa ya chumvi. Plagi za shaba huota ukungu wa kijani, swichi huungua vidole vyake vya ndani, na waya wa kurudishia umeme kwenye fremu hukaa juu ya kutu badala ya chuma safi. Fundi asipime kwa kuchomoa plagi ya klachi na kugusa waya mtupu kwa mita. Waya uliokatika nyuzi zote ikabaki moja utakuonyesha volti 12 kamili usipokuwa na mzigo, na utamdanganya kila anayeuamini. Ipimwe ikiwa imeungwa. Njia nyepesi ni kuweka ncha moja ya mita kwenye kichwa cha betri chenye alama ya kujumlisha na nyingine kwenye waya wa umeme wa klachi palipo na plagi, klachi ikiwa imewashwa. Mita ikionyesha zaidi ya nusu volti, kuna mwizi katika njia hiyo. Kisha afanye vivyo hivyo kwa waya wa fremu na kichwa cha kutoa. Msasa, grisi kidogo juu ya viungo, na swichi mpya, mara nyingi ndiyo dawa yote.

Mwanya kati ya sahani ni jambo la pili katika mambo yanayoua klachi, na hili hutokana na kazi halali. Kila visu vinaposhikwa na kuachwa, sahani huliwa kidogo, na mwanya hupanuka. Sumaku ina nguvu kubwa karibu na nguvu ndogo mbali. Dalili yake haifichiki: asubuhi visu vyashika vizuri, ukivisimamisha saa sita ukanywa maji, ukivuta swichi tena havishiki, au vyashika kwa kusitasita, mashine ikipoa vyashika tena. Mwenye kuona hivyo aache kazi siku hiyo hiyo arekebishe mwanya, maana klachi hiyo bado ni nzima.

Klachi nyingi zina nati tatu pembeni, na karibu na kila nati pana kidirisha. Mwanya hupimwa kwa fila, vile visahani vyembamba ambavyo mafundi wa magari hupimia vali, na kila gereji inavyo. Kipimo kimo katika kitabu cha mashine; kwa nyingi ni kati ya milimita 0.3 na 0.5. Injini iwe baridi. Ingiza fila katika kidirisha cha kwanza, kaza nati mpaka fila ishikwe kidogo bado ikivutika, nenda ya pili, kisha ya tatu, halafu rudi ya kwanza, kwa sababu ukikaza moja nyingine hubadilika. Mianya mitatu isipolingana sahani hugusa upande mmoja na kuliwa upande mmoja. Zipo klachi zisizo na nati hizi. Hizo zisilazimishwe kwa patasi, kama tulivyoona mahali fulani.

Sasa twafika kwenye jambo ambalo twataka lisomwe na kila mwanachama, hata asiye na mashine. Chini ya kiti kuna swichi. Mwendeshaji akiinuka visu vikiwa vinazunguka, swichi hiyo hukata umeme wa klachi au huzima injini. Chini ya mikarafuu ardhi ina mizizi iliyoinuka, vichuguu na mashimo ya visiki vya zamani. Mwendeshaji mwepesi, hasa kijana, hurushwa juu ya kiti kila anapopita mzizi, na kila mara swichi hukata na kuunga. Yeye hasikii ila mtikisiko mdogo, lakini klachi imeachwa na kushikwa upya nyasi zikiwa ndani ya visu na injini ikiwa kasi. Mara 100 kwa saa, na sahani zitageuka rangi ya buluu kwa moto. Kwa hiyo klachi huweza kuungua kwa sababu ya kiti.

Na hapo ndipo fundi mwepesi wa mkono husema, "Tufunge waya hapa, tuipite swichi, yamekwisha." Ni kweli kwamba klachi itapona. Lakini ncha ya kisu cha mashine hizi huenda karibu maili 200 kwa saa, na mashamba yetu si viwanja vya nyasi vya huko zilikotengenezwa. Msimu wa kuchuma watoto wako chini ya miti wakiokota karafuu, kina mama wamekaa wakichambua, na mtu akianguka kutoka kitini kwa kupigwa na tawi hapana kitakachozuia visu isipokuwa swichi ile. Mashine iliyofungwa waya namna hiyo isiingie katika shamba la mwanachama yeyote, na mwenye kuiazima kwa jirani aitazame kwanza chini ya kiti. Dawa ya halali ipo. Springi ya kiti hulegezwa ilingane na uzito wa mwendeshaji, swichi iliyochoka hubadilishwa, plagi yake hukazwa, na mwendo hupunguzwa penye mizizi. Watu wasiohusika wakae mbali na shamba wakati wa kukata, watoto hasa, hata kama swichi ni nzima.

Mengine tutayapitia upesi. Kipande kile kinachozuia koili isizunguke kitazamwe: kikivunjika, koili huzunguka na kukata nyaya zake, na kikikazwa kabisa bila hata kucheza kidogo, huisukuma klachi upande na beringi yake hufa mapema. Sili ya mafuta iliyo juu ya klachi ikivuja, mafuta hushuka kwenye sahani, na sahani zenye mafuta hazishikani hata kwa volti 14. Kubadili klachi bila kubadili sili ni kazi bure. Beringi za visu na puli za kukazia mkanda zizungushwe kwa mkono mkanda ukiwa umetolewa, na iliyo nzito au yenye kelele itolewe. Nyasi mbichi zilizogandamana chini ya kifuniko cha visu zikwanguliwe kila jioni, kwani visu vinavyosugua tope lililokauka ni mzigo usiokoma.

Tena kuna namna ya kuendesha. Wapo wanaovuta swichi ya visu wakiwa wamekwisha ingia katikati ya nyasi za kiunoni, injini ikiwa kasi ya mwisho. Hakuna klachi itakayovumilia hayo kila siku. Visu vishikwe mahali peupe, injini ikiwa mwendo wa kati, kisha mwendo uongezwe, ndipo mashine iingie nyasini. Nyasi zilizozidi magoti zifyekwe kwanza kwa panga, au zikatwe mara mbili, kisu kikiwa juu mara ya kwanza.

Kabla ya kazi yoyote chini ya mashine, injini izimwe, ufunguo utolewe, na waya wa plagi ya moto uchomolewe. Yenye silinda mbili ina waya mbili. Mashine iliyoinuliwa iegemezwe magogo imara, si jeki peke yake. Klachi ya zamani ikitoka, shafti isafishwe kutu kwa msasa laini na kupakwa grisi maalumu ya kuzuia kutu, kwa sababu katika hewa yetu klachi huota shafti kana kwamba imechomelewa, na wapo waliovunja klachi nzima kwa kuitoa kwa nyundo. Bolti ya kati ikazwe kwa spana ya kipimo, kwa kadiri iliyoandikwa kitabuni.

Klachi mpya isipelekwe nyasini siku ile ile bila kuzoezwa. Sahani mpya hazijalingana, zagusana kwa vilele tu, na zikipewa kazi nzito huteleza siku ya kwanza. Mtengenezaji mmoja mkubwa aelekeza hivi: mashine isimame mahali pasipo nyasi, injini iwe nusu mwendo, visu vishikwe sekunde 10 na kuachwa sekunde 10, mara 5, kisha injini iwe robo tatu ya mwendo, vishikwe na kuachwa vivyo hivyo mara 5 nyingine. Wengine huagiza mara nyingi zaidi. Muuzaji akikupa karatasi ndani ya boksi, fuata karatasi.

Anayeagiza klachi asiandike jina la mashine tu, hasa ikiwa injini ilikwisha badilishwa. Aandike namba iliyopigwa kwenye klachi ya zamani, kipenyo cha tundu la shafti, ambacho kwa kawaida ni inchi 1 au inchi 1 na moja ya nane, kipenyo cha puli na upana wa mkanda wake, upande klachi izungukako ikitazamwa kutoka chini, na umbo la plagi ya umeme. Klachi ya tundu sawa lakini ya nguvu ndogo huingia vizuri na kuungua vizuri. Ile ya zamani isitupwe mpaka mpya iwe imefika na kulinganishwa nayo juu ya meza. Mita ya chama na seti ya fila zipo kwa katibu, na mwanachama yeyote aweza kuziazima kwa siku mbili kwa kutia saini daftarini. Twaomba betri ya mita isirudishwe ikiwa imekufa.